Watu wanapunguzwa, kazi inabaki palepale

*Tangu mwaka 2022 kampuni za teknolojia zimeachisha kazi maelfu kwa maelfu ya watu. Habari za walioondoka zimeandikwa sana. Waliobaki na kurithi kazi zao hawajasikika vya kutosha.*

Jumatatu, Machi 6, 2023, watu waliobofya viungo kwenye mtandao wa Twitter hawakufika walikotaka kwenda. Badala ya habari au video waliyoifuata, walipata mstari mmoja wa maandishi ya kimitambo, ujumbe wa aina inayosomwa na waandaaji programu, ukisema kifurushi chao hakiwaruhusu kufika sehemu hiyo. Picha nazo ziligoma kufunguka.

Mmiliki wa mtandao huo, Elon Musk, alisema siku hiyohiyo kuwa badiliko dogo kwenye mfumo lilikuwa limeleta madhara makubwa. Aliulaumu msimbo wa zamani kuwa ni dhaifu, akasema hatimaye utalazimika kuandikwa upya.

Platformer, chombo cha habari kinachofuatilia kampuni za teknolojia, kiliripoti upande mwingine wa mkasa huo: mradi uliozaa hitilafu ulikuwa umeachiwa mhandisi mmoja. Miezi mitano kabla, kampuni ilikuwa na wafanyakazi wapatao 7,500.

Mhandisi anaweza kukosea hata akiwa kwenye timu ya watu 20. Lakini kwenye timu yupo wa kupitia alichoandika, yupo wa kukijaribu pembeni kabla hakijawafikia watumiaji, na yupo wa kusema, "Subiri kwanza." Anayefanya kazi peke yake hana mtu wa kumwambia hivyo.

Ndiyo maana swali la kuulizwa halimhusu mhandisi huyo. Linawahusu waliopanga kazi ikabaki kwa mtu mmoja.

Walivyoajiriwa, walivyoondolewa

Janga la Uviko-19 liliwafungia watu majumbani na kuwasukuma mtandaoni. Kampuni za teknolojia zikaamini kuwa ongezeko lile la wateja lingedumu, zikaajiri kwa pupa. Meta, inayomiliki Facebook, Instagram na WhatsApp, ilimaliza mwaka 2019 ikiwa na wafanyakazi 44,942. Kufikia Septemba 2022 walikuwa 87,314.

Kisha mambo yakageuka. Watu walirudi madukani na maofisini, matangazo yakapungua, na kuanzia Machi 2022 Benki Kuu ya Marekani ikaanza kupandisha riba iliyokuwa karibu na sifuri. Fedha za kukopa zikawa ghali, na wawekezaji wakaanza kuuliza faida iko wapi.

Novemba 2022 Meta ilitangaza kuondoa zaidi ya watu 11,000, na Machi 2023 ikaongeza wengine 10,000. Januari 2023 Microsoft ilitangaza 10,000 na Google 12,000. Amazon ilifikisha 27,000 kwa awamu mbili. Tovuti ya Layoffs.fyi, iliyoanzishwa na Roger Lee mwaka 2020 ili kuhesabu waliopunguzwa kwenye sekta hii, ilihesabu zaidi ya watu 260,000 kwa mwaka 2023 pekee.

Afrika nayo iliguswa. Jumia, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni, iliondoa nafasi zaidi ya 900 mwishoni mwa mwaka 2022, sawa na mfanyakazi mmoja kati ya watano.

Siku nane za Twitter

Musk alikamilisha ununuzi wa Twitter Oktoba 27, 2022. Siku nane baadaye, Novemba 4, karibu nusu ya wafanyakazi waliondolewa kwa barua pepe. Ofisi zilifungwa siku hiyo na kadi za kuingilia zikazimwa. Wapo waliojua kuwa hawana kazi tena pale kompyuta zao zilipokataa kufunguka, hata kabla ya barua kuwafikia.

Kabla wiki haijaisha, vyombo vya habari vya Marekani viliripoti kuwa kampuni ilikuwa ikiwatafuta baadhi ya walioondolewa ili warudi. Walikuwa wameondolewa kabla ya wakubwa kubaini kuwa kazi zao zilikuwa zinahitajika.

Novemba 16 ukaja ujumbe mwingine kutoka kwa Musk. Waliobaki walitakiwa kubofya kiungo kuthibitisha kuwa wako tayari kufanya kazi kwa saa nyingi na kwa nguvu zote. Asiyekubali kufikia saa 11 jioni ya siku iliyofuata angelipwa miezi mitatu na kuondoka. Mamia wakachagua mlango.

Desemba mwaka huohuo, idara ya ukaguzi wa majengo ya jiji la San Francisco ilianzisha uchunguzi baada ya kuripotiwa kuwa vyumba vya mikutano vya makao makuu vimewekwa vitanda. Mmoja wa mameneja aliyepigwa picha Novemba akiwa amelala sakafuni ofisini, ndani ya mfuko wa kulalia, aliondolewa Februari 2023 kwenye awamu nyingine ya punguzo.

> Wapo waliotafutwa warudi siku chache baada ya kuondolewa: wakubwa walikata kwanza, wakauliza baadaye.

Saa tisa usiku, simu inaita

Ili kuelewa mzigo wa waliobaki, tuangalie jambo moja ambalo mtumiaji wa kawaida halioni: zamu ya dharura.

Mifumo ya benki, mitandao ya simu na programu za kwenye simu haipumziki usiku. Kila timu hupanga zamu, na kwa wiki nzima mmoja wao hulala na simu karibu. Mfumo ukikwama, simu yake ndiyo inayolia.

Chukua timu ya watu 6. Kwa mwaka wenye wiki 52, kila mmoja hukaa zamu wiki 8 au 9. Punguza watu 4, na kila mmoja wa wawili waliobaki atakaa zamu wiki 26. Nusu ya mwaka analala usingizi wa mang'amung'amu, hawezi kusafiri kwenda msibani bila kubeba kompyuta, hawezi kuzima simu akiwa kanisani au msikitini.

Hesabu hiyo inagusa saa tu. Ugumu mwingine uko kwenye ujuzi uliopotea. Tuseme simu inaita saa tisa usiku kwa sababu huduma ya malipo haijibu. Mhandisi anafungua kompyuta na kukuta sehemu iliyokwama iliandikwa na mwenzake aliyeondolewa. Mwongozo wa mwisho una umri wa miaka miwili. Jina la mtu wa kuulizwa lipo, lakini anwani yake ya kazini ilifungwa siku alipoondoka. Anahangaika hadi alfajiri, malipo yanarudi, na hakuna mteja anayejua kilichotokea.

Saa tatu asubuhi yuko kwenye kikao cha kila siku, anaulizwa kwa nini kazi aliyopangiwa jana haijaisha.

Wanaopanga punguzo kwa kutazama jedwali la mishahara hawaioni kazi ya usiku huo, kwa kuwa haimo kwenye jedwali. Wala hawauoni ujuzi wa yule aliyejua kwa nini mfumo ulijengwa vile. Vyote viwili huonekana vimekosekana baada ya mwenyewe kuondoka.

Mameneja nao wakapunguzwa

Punguzo la safari hii halikuishia kwa wahandisi. Machi 2023, katika barua aliyoiita ya mwaka wa ufanisi, Mark Zuckerberg wa Meta alitangaza kuondoa ngazi za mameneja wa kati na kuwataka wengi wao warudi kufanya kazi za kawaida. Septemba 2024 Andy Jassy, mkuu wa Amazon, aliagiza kila idara iongeze kwa angalau asilimia 15 uwiano wa wafanyakazi wa kawaida kwa mameneja ifikapo mwishoni mwa Machi 2025. Katika ujumbe huohuo aliwataka watumishi warudi ofisini siku tano kwa wiki.

Malalamiko dhidi ya urasimu yana ukweli wake. Mtumishi anayesubiri saini za mameneja watano ili abadilishe kitu kimoja anajua adha yake.

Lakini meneja wa karibu ndiye anayejua kuwa fulani ana mtoto mgonjwa, kwamba fulani amekaa zamu wiki tatu mfululizo, na kwamba mradi fulani hauwezi kuisha kwa tarehe iliyotangazwa. Akiondoka yeye, au akipewa watu wengi kuliko anaoweza kuwafuatilia, taarifa hizo hazipandi juu tena. Wakubwa wanabaki na tarehe, na walio chini wanabaki na kazi.

Hapo ndipo uongozi mbaya huzaliwa. Vikao huongezeka kwa sababu hakuna mwenye uhakika nani anashika nini. Vipaumbele hubadilika kila wiki. Tathmini hugeuka fimbo. Februari 2025 Meta iliondoa takribani watu 3,600 ikieleza kuwa ni wale wa utendaji wa chini, na baadhi yao wakajitokeza hadharani kusema tathmini zao za awali zilikuwa nzuri. Mtu anaweza kupoteza kazi na bado akatafuta nyingine. Anayepoteza kazi pamoja na jina ana kibarua kigumu zaidi.

Hoja ya waajiri

Haki inataka upande wa pili usikilizwe.

Musk alisema wakati wa punguzo kuwa Twitter ilikuwa ikipoteza zaidi ya dola milioni 4 kwa siku, na kwamba hakuwa na njia nyingine. Wengi walitabiri mtandao huo ungeanguka wakati wa Kombe la Dunia la Qatar mwishoni mwa 2022. Haukuanguka. Aprili 2023 aliiambia BBC kuwa wafanyakazi walikuwa wamebaki takribani 1,500 kutoka karibu 8,000, na kwamba mapato na matumizi yalikuwa yanakaribia kulingana.

Zuckerberg naye aliandika kuwa tangu punguzo la kwanza mambo mengi yalikwenda haraka kuliko awali. Alikiri kuwa alikuwa hajapima vizuri gharama zisizo za moja kwa moja za miradi isiyo ya lazima, na akatangaza kuifuta baadhi. Wawekezaji walimshangilia: hisa za Meta zilipanda karibu mara tatu kwa mwaka 2023.

Hoja hizi haziwezi kupuuzwa. Kampuni iliyojaza watu kupita mahitaji inapaswa kujirekebisha, na kampuni inayofilisika humaliza ajira za wote.

Lakini barua ya Zuckerberg ina jambo ambalo waigaji wake wengi waliliruka. Pamoja na kufuta nafasi, ilifuta miradi. Ukiacha kutengeneza kitu, waliokuwa wakikitengeneza hawaachi pengo kubwa nyuma yao. Ukiwaondoa watengenezaji na ukaendelea kukidai kitu kilekile kwa tarehe ileile, umewapa waliobaki kazi mbili kwa mshahara mmoja.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi

Wahenga walisema hivyo wakijua kuwa aliye mbali na mzigo huuona mwepesi. Watafiti wameupima mzigo wenyewe.

Charlie Trevor na Anthony Nyberg, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, waligundua kuwa kampuni ikipunguza asilimia 1 tu ya wafanyakazi, idadi ya wanaoacha kazi kwa hiari mwaka unaofuata huongezeka kwa asilimia 31. Nao wanaoacha wenyewe mara nyingi ni wale wenye ujuzi unaotafutwa kwingine. Hivyo kampuni hupoteza watu mara mbili: kwanza iliowachagua, kisha iliotaka wabaki.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stockholm na Chuo Kikuu cha Canterbury walikuta kuwa miongoni mwa waliobaki baada ya punguzo, kuridhika na kazi kulishuka kwa asilimia 41, moyo wa kuitumikia kampuni kwa asilimia 36, na utendaji kwa asilimia 20.

> Asilimia 1 ikipunguzwa, wanaoacha kazi kwa hiari huongezeka kwa asilimia 31 mwaka unaofuata.

Afya nayo haisalimiki. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kuwa kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaongeza hatari ya kupata kiharusi kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, ukilinganisha na saa 35 hadi 40. Vifo 745,000 vya mwaka 2016 vilihusishwa na saa hizo ndefu.

Accra na Nairobi

Mambo haya yana sura ya Kiafrika. Ofisi ya Twitter ya Accra, ambayo ilikuwa ya kwanza ya kampuni hiyo barani, ilikumbwa na punguzo la Novemba 2022 siku chache tu baada ya wafanyakazi kuhamia jengo lao. Karibu wote waliondolewa. Sheria ya Kazi ya Ghana ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe taarifa kwa Ofisa Mkuu wa Kazi angalau miezi mitatu kabla. Wafanyakazi walilalamika kuwa hawakushirikishwa, wakatafuta wanasheria, na ikapita zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kulipwa.

Nairobi, Januari 2023, kampuni ya Sama ilitangaza kuachana na kazi ya kuchuja maudhui ya Facebook, na watu wapatao 260 wakapoteza ajira. Kazi yao ilikuwa kutazama picha na video za mauaji, ubakaji na mateso ili wengine wasizione. Zaidi ya 180 walikwenda mahakamani. Meta ilijitetea kuwa haikuwa mwajiri wao, lakini Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilisema kampuni hiyo inaweza kushtakiwa nchini humo. Wachujaji wa maudhui hawakukaa kimya hata kabla ya uamuzi huo: Mei Mosi 2023 zaidi ya 150 kati yao walikutana Nairobi na kuamua kuunda chama chao.

Waliopita njia nyingine

Kuna walioonyesha kuwa yapo mengine ya kufanya. Mauzo ya Nintendo ya Japani yalipodorora, rais wake, Satoru Iwata, alikataa kupunguza watu akisema hofu ya kuachishwa kazi haimwachi mtengenezaji wa michezo ya video akatengeneza kitu kizuri. Januari 2014 alitangaza kukata mshahara wake kwa nusu kwa miezi kadhaa, na wakurugenzi wenzake nao wakakatwa sehemu ya mishahara yao.

Nokia ya Finland ilijifunza kwa uchungu. Mwaka 2008 ilifunga kiwanda cha Bochum, Ujerumani, chenye wafanyakazi 2,300, ikakabiliwa na maandamano na ususiaji. Mwaka 2011 ilipolazimika kupunguza watu 18,000, ilijipanga tofauti: iliwasaidia kupata kazi ndani na nje ya kampuni, ikawasomesha, na ikawapa mitaji waliotaka kuanzisha biashara. Asilimia 60 walijua hatua yao inayofuata siku ajira yao ilipokoma. Mpango huo uligharimu euro milioni 50, na waliobaki waliona kwa macho yao jinsi wenzao walivyotendewa.

Sheria zetu zinasemaje

Tanzania Bara ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sura ya 366. Kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe notisi, aweke taarifa wazi, na ashauriane nao kuhusu sababu za punguzo, njia za kuliepuka au kulipunguza makali, vigezo vya kuchagua wa kuondoka, muda na malipo. Wasipoelewana, suala linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Malipo ya kiinua mgongo hayapungui mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa ukomo wa miaka 10.

Kenya, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinadai notisi ya mwezi mmoja, uchaguzi wa haki wa wanaoondoka, na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka wa kazi.

Vifungu vyote viwili vinamtazama anayeondoka, na ni haki vimtazame. Anayebaki hatajwi. Kinga yake imo kwenye vifungu vya saa za kazi: kwa Tanzania ni saa 45 kwa wiki, na muda wa ziada usizidi saa 50 kwa kila wiki nne, nao ulipwe mara moja na nusu. Lakini simu inayolia saa tisa usiku mara nyingi haiandikwi popote, na kisichoandikwa hakilipwi.

Kinachotakiwa

Uongozi unaopunguza watu una wajibu wa kutaja, kwa maandishi, kazi zitakazoachwa. Orodha ya majina ya wanaoondoka iambatane na orodha ya miradi inayofutwa, tarehe zinazosogezwa na huduma zinazositishwa. Mkurugenzi asiyeweza kuandika orodha ya pili hajawa tayari kusaini ya kwanza.

Wabunge na vyama vya wafanyakazi nao wana nafasi yao. Mgawanyo wa kazi kwa waliobaki uongezwe kwenye mambo ambayo mwajiri analazimika kushauriana, na zamu ya dharura ihesabiwe kuwa ni kazi.

Nawe msomaji uliye kwenye kitengo cha TEHAMA cha benki, mtandao wa simu au kampuni changa, ukikabidhiwa majukumu ya mwenzako aliyeondoka, omba yaandikwe. Andika saa za usiku unazoamshwa. Uliza ni jukumu lipi kati ya uliyokuwa nayo linaachwa. Usipotajiwa hata moja, jua kuwa mshahara wako umepunguzwa, hata kama tarakimu yake haijabadilika.